Ile nyumba ya Astor pale 116

Mwaka wa nne huu niko Harlem, New York, na kila jioni nikishuka treni kituo cha 116 nikitembea kwenda zangu nyumbani lazima nilipite lile jengo la Graham Court, limekula upande mzima wa barabara ya Adam Clayton Powell, kutoka mtaa wa 116 mpaka 117. Siku za kwanza nilijua ni ubalozi, walahi. Ghorofa nane, chini mawe juu tofali za kijivu, halafu katikati kuna tao limepanda ghorofa mbili na geti la chuma. Kumbe ni fleti tu za watu kupanga!

Aliyelijenga ni yule tajiri William Waldorf Astor, kati ya 1899 na 1901, na hapa ndo pananichekesha, kwa sababu jamaa alishahamia Uingereza na huohuo mwaka 1899 akachukua uraia wa kule, yaani nyumba inapanda Harlem mwenyewe yuko kwa malkia. Sasa jengo lenyewe lina sura ya kasri la Italia, Italia imeingiaje? Kabla ya hapo, 1882 mpaka 1885, alikuwa mwakilishi wa Marekani kule Roma, na yale makasri ya Renesansi yalimkaa kichwani asipone. Miaka michache baada ya Graham Court akawarudia wasanifu walewale, Clinton na Russell, wakamjengea jengo jingine la fleti, Apthorp, kule Broadway, mtaa wa 78 mpaka 79, hiyo ilikamilika 1908 na inachukua bloku nzima, watu husema imeigwa kasri la Pitti la Florence.

Na kwa nini kasri? Zamani tajiri wa New York hakubali kabisa kulala chini ya paa moja na watu asiowajua, hayo ni maisha ya wanaobanana kule chini mjini. Ndo wenye pesa za kujenga wakaona dawa ni kuwapambia nyumba: lifti (Graham Court ilikuwa nazo nane), mawe ya kuchonga, ua mkubwa katikati. Nyumba ya fleti ya Dakota, mtaa wa 72, ilishaanza mchezo huo 1884, ile pale John Lennon wa Beatles alipopigwa risasi, na pesa yake ilitoka kwa Edward Clark wa Singer. Ndio, Singer hiihii ya cherehani, kwa hiyo na bibi zetu walichangia kidogo, ingawa Clark mwenyewe alikufa 1882 hakuiona imeisha.

Ila mi kinachonishika kwenye haya majengo ni geti. Nyumba nzima imekupa mgongo, uzuri wake umeangalia ndani, na mlango wa kupita ni mmoja tu, kwa hiyo swali ni nani anapitishwa. Miaka ya ishirini sehemu kubwa ya Harlem ilikuwa inageuka ya watu weusi, wanamuziki, waandishi, makanisa, lakini Graham Court ikakaza mpaka 1928 ndo ikaanza kuwapangisha, karibu ya mwisho kabisa katika nyumba kubwa za huku. Nikifikiria hiyo nakumbuka enzi napeleka chakula na baiskeli, kuna jengo moja la ua kama hizi (silitaji) mlinzi hakunijibu hata hello, alinyoosha kidole tu kule kona, mlango wa huduma, kalifti kananuka takataka, na supu ya watu inapoa mkononi.

Tangu 1984 Graham Court imewekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na jiji, Apthorp wao tangu 1969, kwa hiyo huko nje mwenye nyumba habadilishi kitu bila kibali.

Sasa Jumamosi iliyopita. Mitaa hii imejaa Wasenegali, na kuna mama mmoja nanunua kwake maandazi yao, yeye Kiwolofu na Kifaransa mi Kiingereza changu cha kuungaunga, tunaelewana. Nikamkuta getini anahangaika na kiroba cha mchele, nikakitupia begani, akafungua, nikaingia Graham Court kwa mara ya kwanza toka nifike mji huu. Hatua kama ishirini chini ya tao na makelele ya barabarani yakakatika kama mtu kazima redio. Majani, njiwa, madirisha pande zote nne, na juu kipande cha mbingu cha mraba. Nikasimama. Nyumba ya bibi Malindi, Unguja, ilikuwa hivyohivyo, nje ukuta mkavu na mlango mzito, ukivuka kizingiti unakuta ua na kambingu kako mwenyewe, tulikuwa tunalala chali kwenye mkeka tunakaangalia.

Sijui nilizubaa muda gani. Mama keshafika kwenye lifti, kaushika mlango kwa mguu, ananifokea kwa Kiwolofu, na mchele bado uko begani kwangu.