Siku moja maishani mwangu: kumwamkua mgonjwa wa plastiki

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kawangware, Nairobi. Unifomu niliipiga pasi jana usiku kabla stima haijapotea. Kucha nimezikata, nywele nimezibana, pete nimeiacha kabatini. Mkufunzi wetu wa uuguzi hukagua mikono kwanza, daftari baadaye.

Saa moja kasoro. Matatu imekwama Ngong Road, nami narudia kimoyomoyo: mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, moyo hupiga mara 60 hadi 100.

Saa mbili tunaanza kwa kunawa mikono: maji ya bomba na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Wiki ya kwanza nilidhani hili nalijua tangu nasari. Mkufunzi akatupaka losheni inayong'aa chini ya taa maalumu, akatuambia tunawe tulivyozoea. Taa ilipowashwa, gumba langu la kushoto lilikuwa linang'aa lote. Tangu siku hiyo gumba hilo nalisugua kwanza.

Saa tatu tunatandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake. Wawili tunamgeuza ubavu, shuka chafu inakunjwa kuelekea mgongoni, safi inafuata nyuma yake. Kila kunjo linanyooshwa, maana asiyeweza kujigeuza huchubuliwa na kunjo hilo, ngozi ikilowa jasho au mkojo ndipo kidonda kinaanza.

Saa nne na nusu, sindano. Mgonjwa ni sanamu ya plastiki tunayoiita Mzee. Nimeshavuta maji yanayowakilisha dawa, nimepapasa mfupa wa bega, nimeshuka vidole viwili hadi kwenye nyama ya msuli. Sindano nimeisimamisha wima, nyuzi 90.

"Umemwamkua?" mkufunzi anauliza.

Naitoa sindano, naanza upya. "Shikamoo Mzee. Naitwa nani na nani, mwanafunzi wa uuguzi. Nimekuletea sindano yako, itauma kidogo. Nikudunge mkono upi?"

Wenzangu wengine huona aibu kusema na plastiki. Mimi sioni. Shosho wangu aliwahi kudungwa hospitalini bila hata kuambiwa ni dawa gani, na kliniki iliyofuata akakataa kwenda. Mkono uliomdunga huenda ulikuwa mwepesi kabisa. Kilichokosekana ni maneno mawili. Ndiyo maana naamini mdomo unahitaji mazoezi kama mkono, na hapa ndipo mahali pake, ambapo nikikosea hakuna anayeumia. Namaliza, sindano naitumbukiza kwenye kisanduku cha usalama bila kuirudishia kifuniko.

Saa saba, chapati na ndengu kibandani. Haraka.

Saa nane ndiyo saa ninayoiogopa: presha, tunapimana wenyewe kwa wenyewe. Namfunga mwenzangu kitambaa cha mashine ya presha juu ya kiwiko, nashika mapigo ya kifundo cha mkono huku nikikijaza upepo. Mapigo yanapotea kwenye 100, naongeza 30, kisha naachia polepole huku nikisikiliza. Namba zinashuka. Sisikii kitu. Zimefika 60, bado kimya.

Darasa zima linajua jibu linalopita bila maswali: 120 juu ya 80. Limenijia hadi kwenye ulimi.

"Sijasikia, Mwalimu."

Hakunikemea. Alinionyesha kwamba kichwa cha stetoskopu nilikiweka katikati ya mkunjo wa kiwiko, wakati mshipa unapita upande wa ndani, ule wa kidole kidogo. Tukampumzisha mwenzangu, tukarudia. Kwenye 108 nikasikia: tap, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi mlango wa mbali. Kwenye 70 ikanyamaza. Nikaandika 108/70, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Saa kumi tunafuta vitanda na kumfunika Mzee shuka.

Saa moja jioni, nyumbani. Sina mashine ya presha, lakini nina saa yenye mshale wa sekunde.

"Mama, naomba nikupime mapigo ya moyo. Nikushike mkono?"

"Ruhusa ya nini, na mimi ni mamako?"

Nasubiri. Anafuta mikono kwenye leso, anakaa, ananyoosha mkono. "Haya, shika."

Nahesabu dakika nzima. Sabini na sita.