Mzazi naye apewe zawadi

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, wageni walimiminika kwetu Tabata wiki nzima, na kila aliyeingia alikuja na kitu cha mtoto. Shali, vigauni, soksi, kofia, poda. Mablanketi peke yake yalikuwa 9, na huo ulikuwa mwezi wa pili, joto la Dar es Salaam unalijua. Nashukuru, watu walinipenda. Lakini usiku wa pili baada ya kurudi nyumbani pedi ziliniishia, na mume wangu akazunguka mitaani saa saba usiku akigonga maduka yaliyofungwa. Nilikaa juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, nikamtazama mwanangu amelala katikati ya zawadi zake, nikalia.

Ndiyo maana kaka yangu aliponiambia mke wake ana mimba, mimi nilijua mapema kwamba zawadi yangu itakuwa ya mzazi. Mtoto angepewa na wengine, hilo sikuwa na wasiwasi nalo.

Nilianza kudunduliza kwenye kibubu mimba ikiwa ya miezi mitano. Mpaka mwezi wa nane nilikuwa na shilingi 70,000. Sikukimbilia dukani. Nilikwenda kwanza kumtembelea wifi kwake Mbagala, tukanywa chai, kisha nikamwomba anionyeshe begi lake la kwendea hospitali. Kwetu si rahisi kumuuliza mtu "nikuletee nini?", atakujibu usijisumbue. Begi halioni aibu.

Ndani mlikuwa na vitu vyote alivyoandikiwa kliniki: mpira wa kutandika, glavu, pamba, nyembe, vibana kitovu. Mlikuwa na nguo za mtoto zimefuliwa na kupigwa pasi, zimepangwa vizuri mpaka nikasikia raha. Za kwake mwenyewe zilikuwa doti moja ya khanga na ndala.

"Na wewe je, wifi?"

"Mimi si nipo tu," akanijibu.

Siku hiyo ndipo akaniambia pia kwamba mtoto ametanguliza matako, na daktari amemwambia ajiandae kwa upasuaji. Hilo lilibadilisha orodha yangu yote. Mimi nilijifungua kawaida, sikujua mwenye mshono anahitaji nini, kwa hiyo nikawauliza wanawake watatu waliopitia huko. Jirani yangu mmoja hakufikiri hata kidogo. Alisema: "Chupi. Usimnunulie zile fupi za mtindo, lastiki yake inakaa palepale kwenye mshono. Mtafutie kubwa za pamba, zinazopanda mpaka kitovuni." Sijawahi kuona mtu akimpelekea mzazi chupi kama zawadi, na hata mimi nilisita. Nilinunua 4, kila moja 2,000. Baadaye wifi aliniambia wiki mbili za mwanzo alizivaa hizo tu, anafua anaanika, anavaa.

Pedi kubwa za uzazi nilichukua pakiti 3 kwa 10,500. Damu baada ya kujifungua inaweza kuendelea mpaka wiki 6, hata kwa aliyefanyiwa upasuaji, na wengi wanaozaa mara ya kwanza hawajui. Wifi naye hakujua, alidhani akipasuliwa damu haitakuwepo.

Kitu kilichonichukua muda ni madera. Mzazi anashinda ndani, wageni wanaingia na kutoka, wakwe wamo, na mtoto anataka ziwa kila baada ya saa mbili. Dera la kawaida inabidi alipandishe lote au ashushe bega. Nilinunua mawili Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kila moja 12,000. Niliyafikicha kwa vidole kwanza mpaka nikapata pamba tupu, maana yale yenye nailoni yanaunguza mwili kwa joto hili. Nikayapeleka kwa fundi wetu anayeshona barazani. Nilimwonyesha kwa chaki: zipu mbili ndefu za pembeni, moja kila upande wa kifua, zifunikwe na mkunjo wa kitambaa. Mama anafungua upande mmoja, mtoto ananyonya, na mgeni aliyekaa mbele yake haoni kitu. Fundi alilitazama dera, akaligeuza nje ndani, akasema halijamfika wazo hilo siku zote alizoshona. Alinitoza 3,000 kwa kila moja.

Hapo lakini nilikosea. Fundi alitia zipu za chuma na mimi sikukagua. Siku ya tatu wifi akanipigia: "Dera zuri wifi, ila zipu inamkwaruza mwanao shavuni." Nililifuata siku hiyohiyo. Tukazifumua, tukaweka zipu za plastiki laini, na kwa ndani tukashonea kipande cha khanga kuukuu kuzuia meno yasiguse ngozi. Ukitaka kufanya kama mimi, anza na plastiki.

Zilizobaki zilitosha chupa ya chai ya lita moja, 15,000, na beseni la 5,000. Hela ya mwisho, 1,500, ikawa nauli ya daladala.

Chupa ya chai ndiyo ningekuomba usiiache. Kaka yangu anaendesha lori la Tunduma. Sheria inampa baba siku 3 za mapumziko mtoto anapozaliwa, na zilipoisha akaondoka. Mama anayenyonyesha anashikwa na njaa na kiu usiku ambayo hajawahi kuijua. Saa tisa usiku, mshono unauma, mtoto yuko kifuani, nani atainuka kuwasha jiko? Tulikuwa tunajaza uji wa lishe saa tatu usiku kabla ya kulala, chupa na kikombe vinawekwa kando ya kitanda mahali anapofikia kwa mkono bila kujipinda. Alfajiri chupa ilikuwa tupu kila siku.

Beseni halikufanya kazi kama nilivyodhani. Nililifikiria la kumwogeshea mtoto, kumbe kuinama chini hakuwezekani, ikabidi tuliweke juu ya meza na mimi au jirani yake ndiyo tuogeshe. Ningejua, fedha ile ningeiongezea pedi.

Sikununua chupa ya kunyonyeshea wala maziwa ya kopo, ingawa dada mmoja dukani alinishawishi sana. Mtoto anatakiwa maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, na mama wa mara ya kwanza ana hofu ya kutosha kwamba maziwa yake hayatoshi. Ukimpelekea kopo ni kama umemwambia kweli hayatoshi. Poda nayo niliiacha, vumbi lake si zuri kwa mapafu ya kichanga.

Kulikuwa pia na kikundi chetu cha ndugu na majirani, watu 10, kila mmoja anachanga 10,000. Mpango ulikuwa kununua kitanda cha mtoto. Nilijua chumba cha wifi. Kitanda kile kingeingia, mtu asingepita, na mtoto angelala na mama yake ndani ya chandarua alichopewa kliniki, kama tulivyolala sote. Nikaomba hiyo 100,000 tumlipe dada wa kufua. Anachukua 5,000 kwa mara moja, kwa hiyo ni mara 20; akija mara 3 kwa wiki tunakaribia wiki 7. Mtu aliyepasuliwa hatakiwi kunyanyua kitu kizito kuliko mwanawe kwa wiki kama 6, na ndoo ya maji uani kwa wifi ina lita 20.

Shangazi yetu mkubwa hakuipenda hoja hiyo. "Zawadi gani haionekani, mwanangu? Tutaingia mikono mitupu mbele ya wakwe?" Nilimwelewa, kwake kumtunza mzazi ni heshima ya ukoo na lazima ionekane. Wenzetu walikubali, tukamlipa dada kwa wiki, mkononi. Shangazi alitoa mchango wake na bado akanunua blanketi lake zito jekundu. Wifi alilikunja, akawa analiweka chini ya kiwiko anaponyonyesha ili mtoto asikalie mshono. Limefanya kazi kuliko beseni langu.

Wifi ni Mchaga wa Moshi, na alichokuwa anakitamani kuliko yote ni mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Mama yake asingeweza kufika kabla ya wiki ya tatu, alikuwa na mgonjwa nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, mtori nimeunywa kwa watu tu. Nikaenda Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, nikaulizia ndizi za mshare, nikaambiwa na muuzaji nichemshe na nyama ya mfupa mpaka vyote vilegee, nitoe mifupa, nisage kwa mwiko. Niliupeleka mara mbili kwa wiki kwenye hotipoti. Wifi alikuwa anakula kimya bila kuinua kichwa, nami sikumsemesha mpaka amalize.

Mama yake alipofika nilikuwa jikoni na sufuria. Nikamwamkia, akaitikia, akaonja. "Umejitahidi, mama. Ila umeogopa kuuponda." Akachukua mwiko mkononi mwangu, akaanza upya, anasukuma ndizi kwenye ukingo wa sufuria mpaka ikawa laini kama chakula cha mtoto.

Jioni akalitazama dera la bintiye, akavuta zipu, akaifunga, akaivuta tena. Akaniuliza fundi yuko wapi, maana mdogo wake wifi naye ana mimba ya miezi sita. Nimeshanunua moja la kijani. Zipu safari hii nimezipeleka mwenyewe.