Eti wageni "wanaiba kazi"?

Hii stori ya wageni kuchukua kazi za watu huwa inanichosha kweli, maana watu wanaongea kama vile kazi ni viti, mmoja akikaa basi mwenzie asimame.

Mwaka 1980 Wacuba kama 125,000 waliingia Marekani kwa boti ndani ya miezi michache tu, wengi wakabaki Miami, nguvukazi ya jiji ikapanda kwa asilimia 7 hivi. Mchumi David Card akachimba data, na 1990 akatoa majibu: mishahara ya wenyeji wala haikutetereka. George Borjas alikuja kumpinga baadaye na mpaka leo wachumi wanavutana, ila mi naona Card ana hoja, kwa sababu mgeni naye anakula, anapanga nyumba, ananyoa nywele, na hela anayotoa ndo mshahara wa mtu mwingine.

Halafu kuna wanaoanzisha biashara. Jan Koum alitoka Ukraine na mama yake 1992, mama akawa analea watoto wa watu, kijana anafagia dukani. 2009 akaanzisha WhatsApp na Brian Acton, 2014 Facebook wakakubali kuinunua kwa dola bilioni 19 hivi. Sio kila mhamiaji ni Koum jamani! Wengi wanaosha vyombo na kuhudumia wazee, na hao hatuwapigii makofi kabisa, wakati wakigoma wiki moja tu sijui nani ataweza kutoka kwenda ofisini.