Kumbukumbu ya mradi: natafuta kichwa cha kujaribia

Programu yangu ya kuchora mwili kwa 3D kutoka picha za hospitali inachora sasa. Tufe nililolitengeneza kwa hesabu linazunguka bila kukatika. Ila tufe halina mfupa wala nyama, kwa hiyo kazi ya sasa ni kutafuta vipimo halisi vya CT, yaani picha za eksirei zinazouonyesha mwili kipande kwa kipande.

Wazo la kwenda kuomba hospitalini nililitupa mapema. Jina na namba ya mgonjwa vinafutika, lakini ukiichora ngozi ya kichwa kutoka kwenye vipande vyake, uso unatokea na ndugu yake atamtambua. Ndiyo sababu baadhi ya hifadhi za utafiti huufuta uso wenyewe kabla ya kutoa picha za kichwa. Nachukua tu kilichotolewa kwa ajili ya watu wanaojaribia programu kama mimi.

Nimeanza na mkongwe: CThead, ya hifadhi ya data ya Chuo Kikuu cha Stanford. Ni kichwa cha maiti, vipande 113, kila kimoja pikseli 256 kwa 256, biti 16. Yote hayafiki megabaiti 15. Ndani ya faili hakuna maelezo yoyote, ni namba tupu, hivyo programu lazima iambiwe kila kitu. Kila namba ina baiti mbili, na ile kubwa inatangulia, kinyume na prosesa za Intel. Usipozigeuza unapata chengachenga. Umbali kati ya vipande ni mara mbili ya umbali kati ya pikseli. Ukiusahau, kichwa kinabonyea kama andazi lililokaliwa. Tena majina yanaanzia CThead.1 hadi CThead.113, na ukiyapanga kialfabeti, 10 na 100 zinaitangulia 2.

Thamani inayotenga mfupa na nyama niliipata kwa kupapasa. Fuvu limetoka safi, isipokuwa mdomoni: meno yaliyozibwa yametawanya miale, na miiba inachomoza pande zote. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Programu ikinionyesha meno masafi hapo, nitajua inanidanganya.

Baada ya hapo ni DICOM, aina ya faili za picha za hospitali: vifua kutoka The Cancer Imaging Archive, hifadhi ya picha za saratani. Huku maelezo yamo ndani ya faili, na vipande napanga kwa mahali vilipopigwa, siyo kwa jina. Thamani ya kila pikseli ikishazidishwa na kujumlishwa kama faili inavyoagiza, hewa inakuwa karibu -1000 na maji 0, hivyo jedwali moja la rangi linatosha hata mashine zikitofautiana.

Visible Human, picha za miili mizima za maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, bado inasubiri. Mwanamume wake, Joseph Paul Jernigan, aliuawa kwa hukumu ya kifo Texas mwaka 1993, akiwa ametoa mwili wake kwa sayansi. Data ikatoka 1994. Tangu 2019 haihitaji leseni. Tatizo ni ukubwa: vipande 1,871 vya CT, 512 kwa 512, ni karibu gigabaiti nzima, na kadi yangu ya grafiki haibebi. Kwanza nitaiondoa miguu, kiuno hadi vidole, wakati naandika sehemu ya kupakia data kwa mafungu.