Kumtafuta Rahel Hirsch mjini Berlin

Simu ilitangaza kwamba nimefika, lakini mbele yangu palikuwa na jengo la ofisi lenye vioo kutoka chini hadi juu, wala hapakuwa na dalili yoyote ya hospitali. Nilitaka kuona sanamu ya Dakta Rahel Hirsch, iliyoko katika hospitali ya Charité. Kwa kuwa niliandika jina tupu, ramani ilinipeleka Rahel-Hirsch-Straße, barabara iliyo karibu na stesheni kuu ya Berlin. Niliizunguka kwa saa nzima katika baridi ya Februari, nikalipa euro moja ili nijisaidie na nyingine nne kwa kahawa ambayo, kusema kweli, niliinunua ili nipate kitu cha moto cha kushika. Hatimaye mama mmoja aliyekuwa na mbwa wake alicheka, akaninyoshea kidole upande wa pili wa maji: hospitali ya Charité iko kule.

Sanamu ya shaba niliikuta katikati ya majengo ya matofali mekundu. Binti huyu wa Kiyahudi, mzaliwa wa Frankfurt mwaka 1870, alilazimika kwenda Zurich kuanza masomo ya udaktari, kwa kuwa vyuo vikuu vya Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, vilikuwa bado havijawafungulia wanawake milango. Akiwa Charité aligundua kwamba chembe za wanga, wanga huu huu wa uji wetu, zinaweza kupenya ukuta wa utumbo zikiwa nzima, zikaingia katika damu na kutoka kwa mkojo. Madaktari wenzake walimdhihaki. Ugunduzi huo ulithibitishwa baada ya yeye kufariki mwaka 1953 huko London, alikokimbilia mwaka 1938 kuwaepuka Wanazi na ambako udaktari wake haukutambuliwa.

Mwaka 1913 alipewa cheo cha uprofesa, daktari wa kwanza mwanamke kukipata Prussia, lakini hospitali haikumlipa mshahara. Hapo nilimkumbuka mdogo wangu, daktari aliyeko Dodoma, ambaye kwa mwaka wa pili sasa anajitolea wodini akisubiri ajira, huku nauli ya daladala akimwomba mama. Nilimtumia picha ya sanamu pamoja na maelezo marefu. Alijibu kwa swali moja tu: "Sasa dada, alivumilia mpaka lini?"

Nikamwandikia kwamba mwaka 1919 aliondoka, akafungua kliniki yake mwenyewe.