Chanjo ya bure na maandazi ya asubuhi

Wifi yangu hukaanga maandazi barazani kwake Mbagala, na mwanawe alipofikisha miezi 9 aliacha biashara asubuhi moja akampeleka kliniki kuchanjwa surua. Nesi alitazama kadi, akahesabu watoto waliokuwa kwenye benchi, wakawa watatu tu, akawaambia mama zao warudi Alhamisi watakapokuwa wengi. Kichupa cha chanjo hiyo kwa kawaida kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake hutumika ndani ya saa 6 tu, kisha kinachobaki humwagwa. Nadhani nesi aliogopa kuulizwa habari za dozi zilizopotea, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Alhamisi wifi hakwenda. Maandazi huuzwa alfajiri hadi saa nne, muda uleule wa kliniki, na unga wa kesho hununuliwa kwa mauzo ya leo. Alipokwenda baada ya wiki saba aliitwa mzembe mbele ya wenzake. (Neno hilo nimelisikia mara nyingi kwenye foleni za kliniki, na sijawahi kulisikia akiambiwa mama aliyeshuka kwenye gari lake.)

Kwa wiki hizo saba mtoto alilala bila kinga katika chumba kimoja cha kupanga pamoja na wengine wanne, na hapo ndipo hali duni inapodai malipo yake mara ya pili. Mtafiti Peter Aaby, aliyeanza kazi Guinea-Bissau mwishoni mwa miaka ya 1970, aligundua kwamba mtoto aliyeambukizwa surua na mwenzake wa nyumba moja alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko aliyeipata nje, na maelezo yake ni kwamba katika msongamano mtoto huvuta virusi vingi zaidi. Mwili uliokosa lishe nao hushindwa haraka na nimonia, na upungufu wa vitamini A huweza kuyapofusha macho, ndiyo maana mgonjwa wa surua hupewa matone ya vitamini hiyo siku mbili mfululizo.

Dozi ya pili, ya miezi 18, inamfikia mwezi ujao. Nimemwambia wifi kwamba asubuhi hiyo nitakaa mimi barazani, na ameniomba nisiguse unga, niuze tu atakayokuwa ameshayakaanga.