Dira iliyogoma Abisko

Celsius wengi tunamjua kwa kipimajoto. Nyumba aliyofanyia kazi bado imesimama katikati ya mji wa Uppsala, Uswidi, kwenye mtaa wa maduka, imekaa mshazari na majengo ya jirani. Shemeji yangu, mume wa dada, ameipita miaka nenda rudi akielekea kazini. Hakujua kwamba mwaka 1741 Anders Celsius na mwenzake Olof Hiorter waligundua kuwa usiku wa aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani karibu na ncha za dunia, sindano ya dira hutikisika, wala kwamba fundi saa George Graham kule London aliona mtikisiko huohuo siku ileile. Nilipomwambia kwamba Hiorter naye alikuwa shemeji yake Celsius, akacheka. "Kumbe ni kazi ya mashemeji! Basi twende."

Safari ilikuwa ya Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, kuitazama aurora. Treni ya usiku ya Stockholm kwenda Narvik, inayofika huko, hupitia Uppsala. Ilikuwa Machi 2025, Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, tukafuturu behewani kwa tende na chai ya chupa. Dada alikuwa amenishauri nije Desemba, kwa kuwa usiku ni mrefu. Mimi nikashika Machi. Karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, Machi na Septemba, dhoruba za sumaku, misukosuko ya sumaku ya dunia inayoleta aurora, huwa nyingi zaidi. Tena mwanzo wa mwezi mwandamo hilali ni nyembamba, haiwezi kuharibu giza. Kalenda ya mfungo ikawa ndiyo kalenda ya safari.

Asubuhi tulikuwa tumeshavuka Duara la Aktiki. Nje misonobari na theluji, theluji na misonobari, mpaka Kiruna, mji wa mgodi wa chuma unaohamishwa kwa sababu uchimbaji umeifanya ardhi yake ititie na kupasuka. Kanisa lao la mbao la mwaka 1912 lilikuwa bado likisubiri zamu. Agosti 2025 lilibebwa zimazima juu ya magari hadi mji mpya. Ningependa kuliona hilo pia, lakini hatukukaa.

Abisko ni kituo kidogo kando ya ziwa Torneträsk. Watu hukipenda kwa jambo moja: milima ya upande wa magharibi hukamua mawingu yatokayo Atlantiki, hivyo anga hapa huwa safi mara nyingi kuliko pwani ya Norwei. Aurora haimfai kitu mtu aliye chini ya wingu, kwani iko kilomita mia moja na zaidi juu.

Tuliposhuka ziwani, juu ya barafu, nikatoa dira yangu ya skauti, iliyonunuliwa Dar es Salaam. Sindano haikuzunguka. Upande wake wa kaskazini ulikuwa umeinamia chini na kukwama kwenye kitako. Shemeji akadhani baridi imeiua. Haikuwa baridi. Mistari ya uga wa sumaku wa dunia pale imesimama karibu wima, imeinama kwa digrii 78 hivi, na ndiyo iliyokuwa ikiivuta sindano ardhini. Kwetu Tanga mwinamo hauzidi digrii 40, tena upande unaovutwa chini ni ule wa kusini. Dira ya kwetu husawazishwa kwa hali hiyo, ndiyo maana huku ikagoma.

Mwinamo huo ndio unaoipa kaskazini aurora. Nimefundisha fizikia kidato cha nne muda mrefu, na vitabu vingi husimulia jambo hili kwa mkato: jua hupuliza chembe, sumaku ya dunia huzipeleka kwenye ncha, basi. Kama ni hivyo, aurora ingekaa juu ya ncha yenyewe. Haikai hapo. Inafanya duara kubwa kuizunguka ncha ya sumaku, nasi Abisko tulikuwa chini ya ukingo wa duara hilo. Ukizidi kupanda, hadi Svalbard kwa mfano, aurora ya usiku mara nyingi unaiacha nyuma, kusini kwako.

Tena chembe nyingi hazitoki moja kwa moja upande wa jua. Upepo wa jua, unaokimbia kilomita 400 hivi kwa sekunde, huukandamiza uga wa dunia upande wa mchana na kuuvuta upande wa usiku ukawa mkia mrefu kupita mzunguko wa mwezi. Mkia huo huvutika kama mpira wa manati. Ukifika kikomo mistari hukatika, huungana upya, na elektroni hurushwa kurudi duniani kwa nyuma, kutoka gizani. Hufuata mistari ile ya wima hadi zinapoigonga hewa.

Mwanzoni kulikuwa na utepe hafifu tu, toka mashariki hadi magharibi, wa rangi ya maji ya mchele. Kamera ya simu iliuona wa kijani. Macho yetu bado. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Kisha utepe ukang'aa ghafla, ukajikunja, ukapasuka, na anga yote ikawa inakimbia. Shemeji alipiga takbiri kwa sauti, watalii wa pembeni wakageuka kututazama.

Kijani ile ni oksijeni, kati ya kilomita 100 na 150 hivi. Zambarau iliyopita kwa haraka kwenye pindo la chini ni naitrojeni. Nyekundu ilikuwa juu kabisa, hafifu, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nayo ni oksijeni, ila atomu yake huhitaji karibu dakika mbili kutoa mwanga huo. Hewa ikiwa nzito, atomu hugongwa na nyingine kabla haijawahi kung'aa. Kwa hiyo nyekundu huonekana kule juu ya kilomita 200, ambako hewa ni chache mno na hakuna wa kuisumbua.

"Na Tanga itafika lini?" shemeji aliuliza, simu mkononi.

Nikamwambia asisubiri. Dhoruba ya mwaka 1859 ilifanya aurora ionekane hadi Cuba, na ile ya Mei 2024 ilipigwa picha Mexico. Lakini ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na Tanga haiko mbali nayo. Huko mistari imelala, haina njia ya kuziteremsha elektroni.

Akatuma video kwenye kundi la familia. Ilikuwa saa saba na nusu usiku Abisko, saa tisa na nusu Tanga, na mama alikuwa macho. Jibu lake likaja papo hapo: "Maashallah. Mmeshakula daku?"

Tulikuwa hatujala.